Mkanda Ulionyooka

Fundi saa hakuwa mtu wa kuamini neno "ni ile ile." Kazi ilimfundisha hivyo. Mteja huleta saa ya marehemu baba yake, anaapa haijawahi kuguswa, ukiifungua unakuta ndani vyuma vya saa tatu zisizojuana. Muuza vipuri huleta springi, anasema ni ile ile ya kiwandani, ukiivuta inakatikia mikononi. Na wateja nao, Mungu awasamehe, kila anayekuja kuchukua saa yake humtazama fundi kwa jicho la pembeni, asije akawa amebadilishiwa kitu humo ndani. Kwa hiyo fundi alikuwa amejiwekea mwiko mmoja: kutombadilishia mtu kipuri bila kumwambia. Na kwa kuwa aliushika mwiko huo, alijipa na haki ya kumshuku kila mtu mwingine.

Basi siku aliporudi nyumbani akiegemea fimbo, baada ya kupasuliwa mgongo na kisha kuuguzwa kwa dada yake mji wa mbali kwa zaidi ya nusu mwaka, hakwenda kitandani wala mezani. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la samaki.

Tangi lilikuwa sebuleni, refu kuliko kochi, na maji yake ya chumvi yalichanganywa kwa kipimo kama dawa ya mtoto. Wote walikuwemo. Samaki kangaja wa buluu mwenye mkia wa njano alipoona kivuli cha fimbo alijilaza ubavu juu ya jiwe akajifanya maiti, mchezo wake wa siku zote. Yule samaki wa njano mwembamba alitumbukia mchangani ambako ndiko kitanda chake. Pale kwenye kona alikuwepo samaki mlinzi, anayeishi shimo moja na kamba asiyeona vizuri: kamba huchimba, samaki hukaa mlangoni, na kamba hatoki nje bila kuweka sharubu yake juu ya mkia wa mwenzake. Mkia ukitikisika, wote wawili ndani. Fundi aliwapenda hao, maana aliona ndivyo ndoa inavyotakiwa kuwa.

Lakini aliyemfuata ni Malkia. Malkia alikaa katikati, kwenye lile ua la bahari lenye vidole vinavyochoma kila samaki isipokuwa jamii yake, ambao ngozi zao zina ute wa kuwakinga. Alikuwa na rangi ya chungwa lililoiva na mikanda mitatu myeupe, na kiburi cha mama mwenye nyumba asiyedaiwa kodi. Mumewe, samaki mdogo nusu yake, alimzunguka kwa adabu. Mke wa fundi alimwita huyo mdogo Kapezi, na fundi hakuwahi kuuliza kwa nini. Kwake yeye wadogo wote walikuwa sawa.

Siku anaondoka kwenda hospitali, begi mkononi, alikuwa amesimama mlangoni akamwambia mkewe, "Malkia akiwa hai, nami nitarudi. Mchunge." Alilisema kama utani, lakini hakucheka, na mkewe hakucheka pia.

Sasa amerudi.

"Malkia hajambo?" aliuliza.

"Si huyo hapo," mkewe alisema kutoka nyuma yake. "Humwoni, Fundi?" Hata mkewe alimwita Fundi, kama mtaa mzima.

Alimwona. Mkubwa, wa chungwa, katikati ya ua lake. Lakini mtu aliyeshinda miaka akichungulia matumbo ya saa haridhiki na jicho tupu. Alitoa mfukoni lenzi yake ya kazi, ile ya kubana jichoni, akainama hadi pua ikagusa kioo, huku mgongo ukimlaani. Malkia wake, ubavu wa kushoto, mkanda wa katikati ulikuwa na kijino kilichoingia kwenye rangi ya chungwa, kama ndoana. Alikijua kijino kile kuliko alama za kiganja chake. Samaki aligeuka, akaonyesha ubavu wa kushoto. Mkanda ulinyooka kama umepigwa rula.

"Mkanda umenyooka," alisema.

"Mkanda gani tena?"

"Wa katikati. Ulikuwa na ndoana."

"Wewe naye! Umetoka kupasuliwa mgongo, hata viatu hujavua, unatafuta ndoana." Mkewe alicheka. Lakini kicheko kilichelewa kidogo, na fundi saa ni mtu wa kusikia kinachochelewa.

Alikula, akalala, akaamka, na shaka ikaamka naye. Nimebadilishiwa samaki, alijiambia. Wala si samaki ndiye aliyemuuma hasa. Mwanamke huyu alikuja hospitali mara mbili, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaulizwa Malkia hajambo, akajibu hajambo, anakusalimu. Kama aliweza kudanganya juu ya samaki, akimtazama usoni na kumshika mkono, basi angeshindwa kudanganya juu ya nini? Fundi alipoona gurudumu moja bandia ndani ya saa, hakuamini tena gurudumu lolote. Ndivyo alivyokuwa, na ndivyo alivyoanza kuifungua ndoa yake.

Jirani wa chini alipanda ngazi kuja kumjulia hali. Alikaa, akapewa chai, akasifu rangi ya mgonjwa, kisha akavuta kiti karibu.

"Mimi si mtu wa maneno," alianza. Mtu akianza hivyo, kaa vizuri, maneno yanakuja. "Ila macho hayana pazia, shemeji. Yule wa duka la samaki, wanayemwita Mapovu, alikuwa hakauki hapa. Anapanda na ndoo, anashuka na ndoo. Siku nyingine kabeba mfuko kaukumbatia kama mtoto. Mimi nikasema labda ndiyo kazi yake."

"Ndiyo kazi yake," fundi alisema.

"Basi na mimi nimesema hivyo hivyo. Labda." Akanywa chai yake yote bila haraka, akaondoka akiwa mwepesi kuliko alivyokuja.

Kuanzia hapo fundi alikuwa na masikio marefu. Mkewe alifanya kazi kwa dobi, kupiga pasi mashati ya watu, na alirudi alasiri akinuka joto na wanga wa nguo. Siku moja alipodhani mumewe kasinzia, alipiga simu jikoni kwa sauti ya chini. Fundi alisimama ukumbini akiwa peku, fimbo ameishika hewani isigonge sakafu.

"Ameuliza tena," mkewe alikuwa akisema. "Nimemwambia ndiye... Hapana, bado. Naogopa. Akipata nguvu kidogo nitamwambia mwenyewe, wewe usiseme kitu."

Fundi alirudi kitandani akafumba macho.  Lisemwalo lipo, alijiambia. Na kama halipo, hili limekwisha kuja.

Lililommaliza ni kidole. Jioni ile mkewe alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akasuuza sabuni yote kama kawaida, akazamisha kidole kimoja ndani ya tangi. Yule bandia alitoka kwenye ua lake upesi, akaja akajisugua kwenye kidole kile, akazunguka, akarudi tena. Mkewe akatabasamu tabasamu ambalo fundi hakuliona tangu arudi. Malkia hakuwahi kumpenda mtu. Malkia alimng'ata hata aliyemlisha, na fundi alikuwa na kovu la kuthibitisha. Huyu mgeni alikuwa mpole, amezoea, wa nyumbani. Fundi alitazama kidole, akatazama samaki, akaona wivu. Walikuwa wanajuana vizuri hawa wawili, na yeye ndiye aliyekuwa mgeni sebuleni mwake. Angeweza kuuliza. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini mwenye shaka haulizi, hukusanya.

Asubuhi, mkewe alipokwenda kwa dobi, alichukua wavu. Ilimchukua muda, maana mgongo haukuinama na samaki hakukubali, lakini mwishowe alimpata, akamtia kwenye mfuko wa nailoni na maji kidogo, akashuka ngazi moja moja. Jirani wa chini alikuwa mlangoni akifagia mahali palipokwisha fagiliwa. "Unatoka, shemeji?" Alimpita.

Duka la Mapovu lilikuwa chumba kirefu chenye giza na matangi yenye mwanga kila upande, pampu zikinung'unika. Mwenyewe alikuwa mnene, shati limelowa hadi kifuani, akimweleza mteja mmoja mama kwamba bunju akiogopa hujijaza maji akawa mpira wa miiba, kwa hiyo watoto wasigonge kioo. Alipomwona fundi uso wake ulifunguka.

"Mzee wangu! Umesimama! Shemeji alisema umepona, mimi nikasema—"

"Usiniite mzee wako." Fundi alifika kwenye tangi kubwa la maonyesho, mbele kabisa, lenye ua la bahari pana kama sinia na jozi ya samaki wa chungwa ndani yake. Akafungua mfuko. "Chukua samaki wako. Na unapomrudisha mke wa mtu nyumbani, mrudishe na samaki wake."

"Usimwage!" Mapovu alipaza sauti. "Humo usimwage, kuna jike!"

Alikuwa amekwisha mwaga.

Mteja alichukua mkoba wake akatoka nje kwa upole wa mtu asiyetaka kuitwa shahidi. Mapovu alikimbilia wavu, lakini fundi alisimama mbele ya tangi na fimbo yake.

"Kwanza uniambie. Malkia wangu yuko wapi?"

"Mzee, sogea."

"Yuko wapi?"

"Amekufa!" Mapovu alisema. "Amekufa zamani, ulipokuwa kitandani kule na mirija puani. Mkeo alikuja hapa na bakuli, analia mpaka hawezi kutaja anachotaka. Anasema mume wangu ameapa roho yake kwa samaki huyu, nipe anayefanana naye. Nikamwambia hafanani mtu na mtu, lakini huna haja ya kununua mwingine. Unaye mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Yule mdogo! Hawa samaki mzee hawako kama sisi. Mkubwa ndiye jike, anayemfuata ndiye dume. Jike akifa, dume halii msiba. Anakua, anageuka, yeye mwenyewe anakuwa jike. Anashika nyumba. Nikamwambia mkeo, mlishe vizuri, msubiri. Akamsubiri. Akawa ananipigia simu kila mara, leo kakua, leo kamfukuza kangaja, leo kalala katikati ya ua. Mimi nilikuwa nakuja kumbebea ndoo za maji, maana angeyapandishaje ngazi zile peke yake? Alipogeuka kabisa nikampelekea kadogo kapya kawe mumewe. Jana kaniambia atakueleza Jumapili, ukiwa umekula ukashiba. Anaogopa utasema umedanganywa."

Fundi alisikia kila neno, lakini kichwani yaliingia moja moja, kama vyuma vinavyoangukia sakafuni ukatafuta kila kimoja kilikoviringikia.

"Kwa hiyo huyu..."

"Huyo ni wako. Wako yule yule. Sogea, nakuomba, majike wawili hawakai ua moja!"

Safari hii alisogea. Mwenye nyumba wa tangi lile, jike zito lenye pua nyeusi kidogo, alikuwa amekwisha mkuta mgeni. Alimfukuza hadi kwenye kona, akamng'ata mkia, akamkosa, akampata ubavuni. Mgeni alijibana nyuma ya bomba la pampu, akavutwa na nguvu ya maji, akanasa. Na maji yenyewe yalikuwa mageni kwake, ya joto jingine na chumvi nyingine, bila hata kupewa muda wa kuyazoea. Mapovu aliingiza mkono hadi begani, akazima pampu kwa mkono wa pili, akamtoa, akamweka kwenye beseni dogo. Mashavu ya samaki yalifunguka na kufungika, yakafunguka, yakakawia. Fundi alijua kabla hajaambiwa, maana hicho ndicho alichokuwa akikisikia maisha yake yote mezani pake, kitu kinachopunguza mwendo.

"Basi," Mapovu alisema.

Fundi alimtoa majini akamlaza kiganjani. Alikuwa mwepesi ajabu. Akatoa lenzi, pengine kwa mazoea tu, akaibana jichoni. Mkanda wa katikati ulikuwa umenyooka, ndiyo, kwa kuwa ulinyooka tangu siku ya kwanza, tangu alipokuwa mdogo akizunguka kwa adabu. Na upande wa kulia, pezi la nyuma ya shavu lilikuwa kijipezi tu, kifupi, kama kisikio cha panya. Alizaliwa nalo hivyo. Ndiyo maana ya Kapezi. Miaka yote aliyopita mbele ya kioo kile akitafuta ndoana kwenye mkanda wa Malkia, mkewe alikuwa akimtazama huyu.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Angeweza kulia, na pale dukani pasingekuwa na wa kumcheka, lakini badala ya machozi ikaja hofu, na hofu si mshauri mzuri hata siku moja.

"Nipe mwingine," alisema.

"Mwingine wa nini?"

"Mkubwa. Mkanda ulionyooka."

Mapovu alimtazama. Kwa mtu wa utani mwingi alikuwa na macho mazito ghafla. "Mzee, nenda ukamwambie. Mimi namjua mkeo. Atalia, atakasirika, yataisha. Ukweli ukichelewa hauozi, lakini unanuka."

"Nionyeshe ulionao."

Alimchagua mwenyewe, kwa lenzi, tangi baada ya tangi, kama anavyochagua kipuri. Alipata mwenye ukubwa ule ule, rangi ile ile, mkanda umenyooka kama umepigwa rula. Mwenye pezi fupi hakuwepo, bila shaka hakuwepo, na fundi alijisemea kwamba kitu kidogo hivyo nani atakiona. Miaka yote mezani pake hakuwahi kumbadilishia mtu kipuri akanyamaza. Alimbeba samaki njiani, mfuko kifuani, na jirani wa chini alipomwona anapanda na mfuko safari hii hakuuliza kitu. Alifagia tu.

Nyumbani alifanya kila jambo kwa utaratibu. Aliuweka mfuko uelee juu ya maji, akamwacha mgeni azoee joto, akamwachia polepole. Yule mdogo mpya alikuja, akanusa, akarudi nyuma. Samaki mlinzi alitikisa mkia, na yeye na kamba wakaingia shimoni. Fundi alifuta maji sakafuni, akaanika wavu mahali pake, akaketi kusubiri, na kusubiri kule kulimchosha kuliko hospitali.

Mkewe alirudi alasiri akinuka joto na wanga. Alimsalimu, akamuuliza habari za mgongo, akasema leo mashati yalikuwa mengi, watu hawana aibu. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko. Akasuuza sabuni yote. Akaenda kwenye tangi, akazamisha kidole.

Samaki mkubwa hakuja. Alijiingiza ndani zaidi ya ua, akabaki jicho moja tu nje.

Mkewe alisubiri. Alikichezesha kidole taratibu, kama amwitaye mtoto. Kisha akainama, akatazama upande wa kulia wa samaki yule kwa muda mrefu, bila lenzi.

"Kapezi yuko wapi?" aliuliza.

"Si huyo hapo," fundi alisema kutoka nyuma yake. "Humwoni?"

Alipoyasikia maneno yale kinywani mwake aliyajua ni ya nani. Alitamani kuyarudisha, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka, na mkewe alikuwa ameyajua pia. Alitoa kidole majini. Hakukifuta. Maji ya chumvi yalidondoka kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, na akayatazama, akautazama wavu ulioanikwa, bado umelowa, akamtazama mumewe.

"Jumapili nilikuwa nikwambie," alisema.

"Najua."

"Umekwenda dukani."

Fundi alikubali kwa kichwa. Alifungua kinywa kueleza, jirani, simu, kidole, mkanda, na kila kimoja kilipofika ulimini kilikuwa kipuri kibovu.

"Mimi nilikuficha kifo ili upone," mkewe alisema. Hakupaza sauti. "Wewe unanificha hiki ili apone nani?"

 Mkewe alisubiri alivyomsubiri samaki, kisha akaenda jikoni, akafunga mlango.